La Fenice, teatri ya Venezia iliyoungua mara mbili



Wote tulisikia katika jiografia habari ya Venezia, ule mji wa Italia (wengi wetu tunasema Venise) ambao barabara zake ni mifereji na watu wanatembea kwa mashua. Katika mji ule iko nyumba ya teatri inayoitwa La Fenice. Tunataka kueleza namna ilivyokufa mara mbili na kusimama tena.

Mbele yake teatri kubwa ya mji ilikuwa San Benedetto, nayo iliungua mwaka 1774. Walipokwisha kuijenga tena, shirika la wenye loji likagombana na jamaa ya Venier, wenye mali. Loji ni kile chumba kidogo cha ukutani, wazi upande wa mbele, ambamo jamaa moja inakaa kutazama mchezo. Tajiri alikuwa na yake kama vile mtu ana nyumba. Baraza likawapa Venier haki. Basi, wale wa shirika wakasema: tutajenga yetu! Mwaka 1789 wakaita mashindano, mipango 29 ikaletwa, na Giannantonio Selva akashinda. Tarehe 16 Mei 1792 milango ikafunguliwa. Jina walilochagua ni la fenisi, yule ndege wa hadithi za kale anayeungua halafu anatoka mzima katika majivu.

Juu ya mlango waliandika SOCIETAS, ni kusema shirika. Wenyeji wa Venezia wanapenda kucheka: wakachukua kila herufi wakatunga maneno ya Kilatini yenye maana hii, bila utaratibu na kwa kupotoka Antonio Selva alisimamisha teatri. Wenzetu wanaosoma Kilatini wajaribu kuyatafuta wenyewe.

Katika Desemba 1836 moto ukala nyumba. Inasemwa ulitoka katika jiko jipya la kupasha joto. Ndugu wawili, Tommaso na Giovanni Battista Meduna, wakaijenga upya, na tarehe 26 Desemba 1837 watu wakaingia tena. Ni hapo Giuseppe Verdi alionyesha Rigoletto mara ya kwanza, mwaka 1851, na La traviata mwaka 1853. Ile ya pili usiku wa kwanza haikupendeza watu hata kidogo, na leo inaimbwa dunia nzima!

Mtu atauliza, kwa nini teatri za namna hii zinaungua upesi? Sababu ndani yake ni mbao, vitambaa, rangi na karatasi. Opera ni mchezo unaoimbwa toka mwanzo hata mwisho, bila mikro, na mbao inasaidia sauti kufika mpaka loji za juu kabisa. Kile kinachosaidia sauti ndicho chakula cha moto.

Tarehe 29 Januari 1996, usiku, La Fenice ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Moto ukawaka. Wazima-moto wakaja na mashua zao, kumbe mfereji wa karibu ulikuwa umekaushwa ili usafishwe! Walilazimika kuvuta maji toka mbali, na helikopta ikamwaga mengine toka juu. Hakuna mtu aliyekufa, lakini asubuhi zilibaki kuta za nje tu. Nani alifanya? Mafundi wawili wa umeme, watoto wa ndugu. Kazi yao ilichelewa, wakaogopa lamande, wakawasha moto ili wapate muda zaidi. Mwaka 2001 baraza likawafunga, mmoja miaka saba, mwingine sita. Sisi tulipoambiwa hii tulinyamaza kwanza. Kwa ajili ya lamande!

Mji ukaamua kujenga "kama ilivyokuwa, pale ilipokuwa". Maneno haya walikwisha kuyasema wakati mnara wa kengele wa San Marco ulipoanguka mwaka 1902, nao ulisimama tena mwaka 1912. Lakini kwa La Fenice kesi za mikataba zilikula miaka. Mpango uliofuatwa mwishoni ni wa Aldo Rossi, aliyekufa mwaka 1997 bila kuuona ukijengwa.

Sasa, kitu kilichoungua unakijuaje umbo na rangi? Walisoma michoro ya zamani ya Meduna, wakakusanya picha. Tena walitazama filamu ya Luchino Visconti ya mwaka 1954, Senso, ambayo mwanzo wake ulichukuliwa ndani ya teatri yenyewe. Katika filamu ile mafundi waliona mapambo na rangi za loji.

Wengine wanasema nyumba ya leo ni nakala tu. Sisi hatukubali. Hata ile ya 1837 haikuwa tena ile ya Selva, na Verdi hakuikataa. Tarehe 14 Desemba 2003 ilifunguliwa kwa muziki, na katika Novemba 2004 opera ikarudi. Waliimba La traviata, ile ile iliyoshindwa pale mwaka 1853.