Neno ‘masafa’ na antena iliyokataa kuitikia

WIKI jana mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, alinijia na kibao kidogo cha kijani. Juu yake palikuwa na kipande cha shaba cha mstatili. Upande wa chini wote ulikuwa shaba.

“Mjomba, hesabu nilipiga vizuri. Mbona inakataa?”

Hiyo ni antena ya maikrostripu, jamaa ya zile zilizofichwa ndani ya vifaa vya GPS. Alitaka iitikie gigahezi 2.45, yaani mitetemo bilioni 2.45 kwa sekunde, ipate kunasa Wi-Fi. Mashine ya maabara ikasoma 2.50. Bendi hiyo ya Wi-Fi hukomea 2.4835, kwa hivyo antena ilikuwa nje ya uwanja, na zilibaki wiki mbili tu awasilishe mradi wake wa mwaka wa mwisho.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Tukakwama kwenye neno moja: masafa.

Mtangazaji akisema ‘masafa ya FM’, anakusudia idadi ya mitetemo kwa sekunde. Waliosikiliza redio kwenye ‘masafa mafupi’ walizungumzia urefu wa wimbi. Msafiri naye akitaja masafa, anamaanisha umbali. Vitu vitatu, jina moja! Katika antena, kuvichanganya ni kupotea, maana urefu ukizidi, idadi ya mitetemo hupungua. Tukakubaliana: masafa yawe ya juu au ya chini, kinachopimwa kwa rula kiitwe urefu.

Baada ya hapo maelezo yalitiririka.

Kwanza ni urefu wa shaba. Kipande huitikia vyema kinapokaribia nusu ya wimbi, kama uzi wa gitaa unavyovuma kwa sauti yake. Ukikirefusha, masafa hushuka, ukikifupisha, hupanda. Hewani, nusu ya wimbi la gigahezi 2.45 ni kama milimita 61.

Pili ni ubao wenyewe. Ndani yake wimbi hupunguza kasi na kufupika. Kipimo cha tabia hiyo huitwa kiwango cha dielektriki. Ubao wa FR-4, uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo na epoksi, aghalabu hupigiwa hesabu kwa kiwango cha 4.4, na urefu unaohitajika hushuka hadi karibu milimita 29. Antena nyingi za GPS hutumia kauri yenye kiwango cha juu zaidi, ndiyo maana hutoshea kwenye milimita 25 hivi ingawa masafa yake, gigahezi 1.575, ni ya chini.

Tatu ni unene na upana. Nguvu za umeme humwagika kidogo nje ya kingo za shaba, hivyo antena hujiona ndefu kuliko rula inavyosema. Ubao ukiwa mnene, mmwagiko huzidi na masafa hushuka. Shaba ikipanuliwa, sehemu kubwa zaidi ya nguvu hizo hubaki ndani ya ubao, na masafa hushuka kidogo pia.

Nne ni kinachoifunika. Kifuniko cha plastiki hushusha masafa. Maji, ambayo kiwango chake ni karibu 80, huyashusha zaidi.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? FR-4 haina kiwango kimoja. Hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Ubao wenye 4.2 badala ya 4.4 hupandisha masafa kwa takriban asilimia mbili, kiasi kile kile alichokosea kijana wetu. Antena nyembamba za aina hii huwa na bendi finyu, hivyo asilimia mbili si jambo dogo.

Akakata shaba nyingine, ndefu kwa milimita 0.6 tu. Mashine ikasoma 2.45. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Hesabu yake haikuwa na kasoro. Aliuamini ubao asioupima. Nasi watu wa lugha tuna ubao wetu. Tukiuachia msamiati wa sayansi neno moja libebe maana tatu, mwanafunzi atakosea kabla hajashika rula.