Homa ya Bonde la Ufa na Gharama ya Kutoa Taarifa

Utawala wa afya ulimwenguni umezoea kuutambua ugonjwa pindi unapotishia kuvuka mipaka. Homa ya Bonde la Ufa inaudhihirisha upungufu wa mtazamo huo. Virusi vyake vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, kufuatia vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes yanaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka mingi. Mafuriko yanapotokea, hasa nyakati za El Niño, mayai hayo huanguliwa, mbu wakauma mifugo, naye binadamu akaambukizwa, aghalabu kwa kugusa damu au mizoga. Basi ugonjwa huu huanzia mawinguni kabla haujafika hospitalini.

Mwishoni mwa 2006, tahadhari iliyotokana na picha za setilaiti ilitangulia mkurupuko wa Garissa. Hata hivyo, kufikia Machi 2007, watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua nchini Kenya, na 155 kati yao wakafariki. Minada ya mifugo ilifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Kitabibu, hatua hizo zilifaa. Lakini kwa mfugaji, mnada ndio benki, ndio karo, ndio unga. Wafugaji wa Somalia waliyajua hayo mapema zaidi: Saudia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka wa 2000, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi 2009.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 huzilazimu nchi kuliarifu Shirika la Afya Duniani katika muda wa saa 24 baada ya kutathmini tukio la hatari. Wajibu huo ni wa serikali. Lakini anayeziona mimba za mbuzi zikiharibika kwa wingi, ambayo ndiyo dalili ya awali, ni mfugaji, na kanuni hizo hazimwahidi fidia yoyote. Akisema, soko lake linafungwa. Je, ni ajabu akinyamaza?

Mkataba wa majanga ya maradhi uliopitishwa Mei 2025 unaitambua dhana ya Afya Moja, inayounganisha binadamu, wanyama na mazingira. Hilo ni jema, ila fedha nazo zinastahili kuifuata ikolojia. Chanjo ya mifugo ipo, na yafaa itolewe kabla ya mvua. Wakati wa mkurupuko, sindano inayotumiwa kwa mnyama zaidi ya mmoja yaweza kuvieneza virusi vyenyewe. Fedha za dharura, kwa kawaida, huanza kutafutwa wagonjwa wakishahesabiwa.