Kwa nini uvundo wa mkojo wa paka hurudi kochini

JIRANI yangu alinunua makochi kwa mafundi wa kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, akayalipia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Hayakuwa yametimiza wiki tatu sebuleni paka wake alipokojoa juu ya takia la kiti kikubwa. Alilifua kwa maji moto na sabuni ya unga, akalianika juani, harufu ikatoweka. Mvua ya masika ilipoanza, uvundo ulirejea kana kwamba paka alikuwa amekojoa asubuhi hiyo. Jirani akaapa kumtupa mnyama huyo. Nilimsihi asubiri, maadamu sehemu ya kosa ilikuwa ya maji na sabuni.

Mkojo wa paka una urea, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu inayochoma pua. Amonia huyeyuka majini na kuondoka kwa urahisi. Lakini mkojo huo una pia asidi ya yuriki, ambayo ikikauka huwa fuwele ndogo mno zinazong'ang'ania nyuzi za kitambaa na vitundu vya sponji. Fuwele hizo haziyeyuki vyema katika maji wala sabuni. Hewa inapopata unyevunyevu, harufu huamka upya. Paka naye, mwenye pua kali kuliko zetu, huitambua hata sisi tunapodhani imekwisha, akaona hapo ndipo choo chake. Mkojo wa mbwa una tabia iyo hiyo, ingawa aghalabu ukali wake ni mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Doa unaloliona juu ya kitambaa laweza kutoshana na kiganja, ilhali ndani ya sponji mkojo umesambaa mara kadhaa ya ukubwa huo. Anayesugua kitambaa peke yake amefanya kazi nusu. Ile taa ndogo ya miale ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia huonyesha mipaka ya doa vizuri, ikiwashwa chumbani gizani.

Kabla ya kueleza dawa, nitaje ile isiyofaa. Wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo kwetu huitwa Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke wenye sumu unaochoma macho na kubana kifua. Ikichanganywa na siki, hutoa gesi ya klorini yenyewe. Katika chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha dogo, penye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, huo ni mchezo wa hatari kubwa.

Ikiwa mkojo ni mbichi, vaa glavu, fungua zipu ya takia na uvue kitambaa. Kandamiza sponji kwa taulo kuukuu, hata kwa kuikanyaga, mpaka taulo lisinyonye tena. Usisugue, na usitumie maji moto, kwa kuwa joto hulifanya doa lishike. Changanya siki nyeupe na maji baridi kwa kiasi sawa, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa hofu ya rangi kuchujuka, kisha lowesha mpaka kule mkojo ulikofika. Kandamiza tena, nyunyiza soda ya kuokea keki, na uiache usiku kucha kabla ya kuikung'uta. Magadi ya kupikia maharagwe yasitumiwe badala yake. Ni makali zaidi na yaweza kuharibu rangi.

Doa la zamani halitibiki kwa siki. Linahitaji dawa yenye vimeng'enya vinavyoivunja asidi ya yuriki, ambayo huuzwa katika baadhi ya maduka ya bidhaa za wanyama. Suuza kwanza sabuni na siki zote, kwani huvidhoofisha vimeng'enya. Mimina dawa ya kutosha kufika ndani, funika kwa nailoni ili isikauke upesi, na uipe muda ulioandikwa kwenye chupa. Huenda ukalazimika kurudia. Baadaye simamisha takia kwa ubavu penye upepo. Katika baridi ya Julai ya Nairobi sponji nene huchukua siku kadhaa kukauka, na ukiirudisha ikiwa mbichi itaota ukungu.

Tukirudi kwa paka, dume asiyehasiwa hupiga mkojo ili kuweka mipaka yake, na kuhasiwa mara nyingi hupunguza mtindo huo. Ila paka aliyezoea kwenda nje au kwenye mchanga wake, kisha ghafla akaanza kukojoa kochini, huenda anaugua kibofu, figo au kisukari. Dume anayejikunyata na kujikamua, akitoa matone tu au asitoe kitu, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo. Njia yake ya mkojo ikiziba, anaweza kufa katika siku chache.

Paka wa jirani yangu alihasiwa na angali kwake. Takia lile halikupona. Fundi alikata sponji mpya ya kipimo kile kile, na kitambaa cha zamani, kilichokwisha kutibiwa, kikarudishwa juu yake.