Aliyenyimwa Kibali cha Usalama

Askari wa zamu langoni hatakiwi kujua sababu. Akionyeshwa kitambulisho kilicho halali humpitisha mwenye nacho. Akiambiwa kwamba kitambulisho kimefutwa, humrudisha. Sababu yenyewe imekwisha kuamuliwa kwingine, na watu ambao aghalabu hawaonekani hapo langoni. Nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya kazi za jeshi hufanywa na kampuni za watu binafsi kwa mkataba, uamuzi wa namna hiyo waweza kumfukuzisha mtu kazi ingawa mwajiri wake hana lalamiko lolote juu yake.

Hayo ndiyo yaliyomfika mhandisi William Greene. Aliingia mwaka 1937 katika kampuni iliyokuja kulitengenezea zana Jeshi la Wanamaji, akapanda cheo kutoka uchoraji wa mitambo hadi kuwa meneja mkuu. Alisifiwa kwa kubuni mashine ya umeme ya kumfunza rubani kuruka huku yuko ardhini. Mwaka 1951 kibali chake kiliondolewa. Januari 1952 bodi ilimsikiliza ikamrudishia. Lakini Aprili 1953 Waziri wa Jeshi la Wanamaji aliiandikia kampuni kwamba mtu huyo asikaribie tena siri za jeshi. Hakuitwa kusikilizwa upya. Kwa kuwa kazi yote ya kampuni ilitegemea siri hizo, hakuwa tena na la kufanya pale. Mtu aliyekuwa akilipwa dola 18,000 kwa mwaka akaenda kuchora katika ofisi ya wasanifu wa majengo kwa dola 4,400.

Tuhuma zilikuwa zipi? Kwamba mke wake, waliyekwisha kuachana naye tangu mwaka 1947, alikuwa na mawazo ya kikomunisti. Na kwamba yeye mwenyewe alionana na maofisa wa Urusi. Greene alijibu kuwa Warusi hao alionana nao kwa biashara ya kampuni. Alipopewa nafasi ya kujieleza tena mwaka 1954, serikali haikuleta hata shahidi mmoja. Aliulizwa maswali yaliyotoka katika jalada ambalo hakuruhusiwa kulifungua.

Kila askari wa upelelezi anajua uzito wa jambo hili kwa pande zote mbili. Mtoa habari akitajwa hadharani, kesho hatatoa habari, na pengine hatakuwa hai. Lakini huyo huyo mtoa habari aweza kuwa jirani mwenye kinyongo, au mtu aliyesikia jina akalifananisha na jingine. Taarifa yake ni mahali pa kuanzia upelelezi. Hapo kwa Greene ilifanywa kuwa mwisho wake.

Tarehe 29 Juni 1959 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua upande wa Greene, majaji wanane kwa mmoja. Jaji Mkuu Earl Warren hakusema kwamba kila mtu anastahili kuonyeshwa siri za jeshi. Alisema kwamba si Bunge wala Rais aliyetoa idhini ya wazi ya kumwondolea mtu riziki yake bila ya kumkabilisha na wanaomshtaki. Rais Eisenhower hakukawia sana. Kwa amri ya tarehe 20 Februari 1960, mfanyakazi wa kampuni ya mkataba anayenyimwa kibali apewe maelezo ya sababu kwa maandishi, muda wa kujitayarisha, wakili akimtaka, na nafasi ya kuwahoji mashahidi, isipokuwa katika hali maalumu kama vile shahidi wa siri wa idara za ujasusi. Hata hivyo mizani imebaki upande wa serikali: kibali hutolewa pale tu inapokuwa wazi kwamba kukitoa kunaafikiana na maslahi ya taifa. Mwaka 1988 mahakama hiyo hiyo ilikariri kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali.

Wala si kila mtu aliyenufaika na ushindi wa Greene. Mwaka 1956 mpishi mmoja, mwajiriwa wa kampuni iliyoendesha mkahawa ndani ya kiwanda cha mizinga cha Jeshi la Wanamaji mjini Washington, alinyang'anywa beji. Alikuwa amepika pale zaidi ya miaka sita. Aliambiwa tu kwamba hakutimiza masharti ya usalama. Mwaka 1961 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mkuu wa kambi ana uwezo wa kumzuia raia asiingie bila ya kumsikiliza kwanza, maana mama huyo angeweza kupika kwingineko. Siri gani alikuwa nayo jikoni, hakuna aliyeeleza.

Kambi hiyo hiyo, tarehe 16 Septemba 2013, iliingiwa na mfanyakazi mwingine wa mkataba. Huyu alikuwa na beji halali na kibali cha siri alichopewa mwaka 2008 alipokuwa mwanamaji. Mlangoni alipita bila ya shida. Aliwaua watu 12 kabla ya polisi kumpiga risasi. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba mwaka 2004 alikamatwa mjini Seattle kwa kupiga risasi magurudumu ya gari la watu, na kwamba taarifa ya upekuzi iliyopelekwa kwa Jeshi la Wanamaji haikutaja bunduki.