Alama ya Kosa katika Daftari la Hesabu

Mwalimu aandikaye ubaoni nusu jumlisha theluthi, kisha akapita baina ya madawati kutazama madaftari, hakosi kumkuta mtoto aliyejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili akapata mbili juu ya tano. Ada ni kulitia jawabu hilo alama ya kosa kwa wino mwekundu na kwenda zake. Na mtoto, ajuaye kwamba amekosa asijue alipokosea, hunakili ya jirani, mambo yakaisha. Walakini kosa lile si upumbavu: ni kanuni ya kujumlisha namba nzima, iliyomfaa tangu darasa la kwanza, imepelekwa pasipo mahali pake. Akiulizwa kwa upole, "Hebu niambie, mwanangu, jawabu lako na nusu peke yake, ipi kubwa?" naye akachora mistari miwili ya urefu sawa, mmoja akaugawa vipande viwili na wa pili vitano, ataona kwamba ameongeza kitu juu ya nusu akapata pungufu ya nusu. Hapo atakuwa tayari kusikia habari za sudusi: tatu na mbili, jumla tano.

Upimaji wa namna hii, ufanywao somo lingali likiendelea, ndio ambao Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College, London, waliutetea mwaka 1998 baada ya kupitia maandishi ya utafiti yapatayo 250. Na waliona kuwa wanaonufaika zaidi ni wanafunzi dhaifu. Kabla yao, mwaka 1988, Ruth Butler alionyesha kwa watoto wa shule nchini Israeli kwamba waliopewa maelezo matupu waliendelea, lakini waliopewa maelezo pamoja na alama hawakuendelea. Sishangai, maana mtoto akiona alama hutazama ya mwenziwe kwanza.

Majaribio ya kila mwezi yanayojazwa katika rejista na kufungiwa kabatini siyahesabu humu, hata yakipewa jina zuri namna gani.

Itasemwa kwamba darasa la watoto sabini haliruhusu mahojiano ya mmoja mmoja. Ni kweli. Lakini kila mtoto akiwa na kibao na chaki, mwalimu aweza kuuliza ipi kubwa baina ya 0.35 na 0.8, akaamuru vibao viinuliwe kwa pamoja, na kwa mtupo mmoja wa jicho akawajua wote wanaodhani 35 imeishinda 8. Wakiwa wengi, somo la kesho liahirishwe. Azimio la kazi litachelewa siku moja, na mwalimu mkuu pengine atauliza.