Mama, Joto Hilo Si Uchawi

Juzi tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama, mweka hazina aliinuka ghafla katikati ya hesabu, akatoka nje akijipepea kwa leso. Baadaye alitueleza kwamba kwa miezi mingi huamka usiku shuka zimelowa jasho. Jirani alimwambia eti ametupiwa kitu, naye alikuwa ameshauza mbuzi mmoja ili alipe mganga. Umri wake ni miaka 49.

Tumeona heri tuzungumze jambo hili waziwazi.

Ni nini kinachotokea?

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Hedhi huanza kuvurugika: mwezi huu inakuja, mwezi ujao inaruka. Ikipita miezi 12 bila kuonekana, ndipo tunasema imekoma. Kabla ya hapo mimba bado yaweza kuingia, kwa hivyo tusijidanganye.

Estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hukosea. Huona kana kwamba mwili umepata joto kupita kiasi, basi huamuru mishipa ya ngozi ipanuke na jasho litoke. Ndiyo maana uso na kifua huwaka, moyo hupiga mbio, na baada ya dakika chache mama husikia baridi. Wengine hukosa usingizi, hukasirika upesi, au huumia wakati wa tendo la ndoa kwa sababu ya ukavu.

Tujisaidie namna gani?

1. Vaa nguo nyepesi za pamba, moja juu ya nyingine, ili uweze kupunguza.
2. Angalia kinacholeta joto hilo. Kwa wengi ni chai moto sana, pilipili au pombe.
3. Weka maji baridi na kitambaa karibu na kitanda, na ufungue dirisha.
4. Mifupa hudhoofika wakati huu. Kula omena, maziwa na mboga kama sukuma wiki, na utembee kwa miguu kila siku.

Ikiwa joto linakuzuia kulala au kufanya kazi, nenda kliniki. Kuna dawa, hata za homoni, lakini hazimfai kila mtu, kwa mfano aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Usizinunue ovyo dukani.

Usingoje!

Damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, nenda hospitali upesi. Yaweza kuwa dalili ya saratani, nayo ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Jasho la usiku likija pamoja na kikohozi, homa au kukonda, upimwe kifua kikuu.

Nanyi akina baba, mama akitupa blanketi usiku, si ati amekuchoka. Muulize anavyosikia, na umsaidie kuteka maji.

Mweka hazina wetu alikwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa hana ugonjwa. Mkutano uliofuata aliwaeleza wenzake mwenyewe. Akina mama watatu wakasema, "Kumbe hata wewe!"

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu anayenyamaza kwa aibu? Tutamsindikizaje kliniki?