Kilio cha Meli Isiyo na Shida

Chai ya Kericho hushuka mpaka Mombasa, ikapakiwa melini na kuvuka bahari. Meli za namna hiyo huchukua redio yenye kitufe chekundu. Kikibonyezwa, redio yenyewe hutangaza kwamba meli i hatarini, pamoja na nambari yake na mahali ilipo. Tangu mwaka 2006 kiko Mombasa kituo cha uokoaji kinachosikiliza vilio hivyo.

Taabu ni kwamba vilio vingi ni vya bure. Baharia huchezea mashine asiyofundishwa. Mwingine hutupa jaani chombo cha zamani cha kuitia msaada, kumbe betri ingali hai, nacho chaendelea kuita setilaiti kutoka katika takataka! Waokoaji hawawezi kubagua. Hawana budi kutoka, na anayezama kwelikweli mahali pengine hungoja.

Kwa hiyo kitufe huwekewa kifuniko, na sharti kishikiliwe sekunde kadhaa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa maongozi juu ya jambo hili. Aliyekosea hukatiza mwito mara moja, kisha hufungua chaneli ya 16, akataja jina la meli, nambari na mahali alipo, na kutangaza kwamba kilio kimefutwa. Kunyamaza kwa hofu ndiko kubaya zaidi, maana meli iliyolia ikanyamaza hudhaniwa imezama. Anayekiri upesi kwa kawaida hashtakiwi. Anayerudia-rudia ndiye serikali yaweza kumpeleka mahakamani.